Django Reinhardt: Mpiga Gita wa Vidole Viwili

Walimu wengi wa muziki katika shule za msingi huanza kipindi chao kwa kuandika nota ubaoni. Hatulaumu desturi hiyo. Hata hivyo, yafaa mwalimu mwanafunzi ayatazame maisha ya mtu ambaye hakujua kusoma nota, na ambaye hata hivyo amehesabiwa miongoni mwa wapigaji gita wakuu wa jazi.

Jean Reinhardt, aliyejulikana kwa jina la Django, alizaliwa tarehe 23 Januari, 1910, huko Liberchies, Ubelgiji. Jamaa zake walikuwa Waroma, watu wa kuhamahama walioishi katika nyumba za magurudumu, na utoto wake mwingi aliupitisha katika makambi ya pembezoni mwa Paris. Shule aliijua kwa mbali tu. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi alipata banjo yenye shingo ya gita, akajifunza kwa kuvitazama vidole vya wakubwa na kuiga alichokisikia. Kabla hajatimiza miaka 20 alikwisha kupata riziki yake kwa kupiga katika kumbi za dansi.

Mwaka 1928 nyumba yake ya magurudumu ilishika moto. Mkewe alikuwa akitengeneza maua ya seluloidi ya kuuza, na seluloidi huwaka upesi kupita karatasi. Django aliungua vibaya mguu na mkono wa kushoto. Madaktari walitaka kuukata mguu, akakataa. Alikaa katika matibabu kwa muda wa miezi 18 hivi, na kidole cha pete na kile cha mwisho cha mkono ule vikabaki vimekunjamana.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi juu ya shingo ya gita, na mpigaji wa kawaida hutumia vidole vinne kuvuka kutoka uzi hadi uzi. Django, aliyeletewa gita na ndugu yake Joseph, hakuweza tena kufanya hivyo. Basi alibuni njia nyingine: kidole cha shahada na cha kati vilikimbia kwa urefu wa shingo, juu na chini, badala ya kukatiza upana wake. Vile vilivyolemaa alivitumia kidogo tu, kubana nyuzi nyembamba alipopiga sauti kadhaa kwa pamoja. Mwalimu angemlazimisha ashike gita kama kitabu kinavyoagiza, angemzima.

Mnamo mwaka 1931, mjini Toulon, alisikia sahani za santuri za Louis Armstrong, zikamwelekeza kwenye jazi. Mwaka 1934 yeye na Stéphane Grappelli, mpiga fidla, walikuwa wakipiga pamoja nyakati za mapumziko katika hoteli moja ya Paris. Mwaka huohuo likazaliwa kundi lililoitwa Quintette du Hot Club de France: fidla, gita la solo, magita mawili ya rizimu, na besi. Ngoma hazikuwamo, wala tarumbeta. Inasimuliwa kwamba gita la pili la rizimu liliongezwa kwa sababu Django alinung'unika: Grappelli alipopiga solo alikuwa na magita mawili nyuma yake, lakini zamu yake Django ilipofika alibakiwa na moja.

Manung'uniko hayo yalikuwa na haki. Gita lisilo na umeme lina sauti ndogo, na solo yake humezwa kwa urahisi. Ilibidi wenzake wapige kwa mkato na kushusha sauti, naye achape nyuzi kwa nguvu. Alipotaka wimbo usikike zaidi alibana sauti ileile mahali pawili, ya juu na ya chini, zikatoka pamoja. Kwaya yoyote ya darasa la nne ina shida hiyohiyo ya kumpisha mwimbaji mmoja.

Vita vilipoanza mwaka 1939 kundi lilikuwa Uingereza. Grappelli alibaki; Django akarejea Ufaransa, naye akasalimika katika miaka ambayo Wanazi waliwaua Waroma kwa maelfu mengi. Mwaka 1946 alizunguka Marekani pamoja na Duke Ellington, safari ambayo haikumletea mafanikio aliyoyatazamia.

Tusiipambe hali ya kutojua nota. Django alianza kutunga misa kwa ajili ya Waroma, na kwa kuwa hakuweza kuandika muziki ilimbidi mwenzake anakili yale aliyomsikilizisha. Misa hiyo haikukamilika kamwe. Solo zake zimetufikia kwa sababu zilirekodiwa. Yale aliyoyapiga kambini, mbali na mashine za kurekodi, yamekwenda naye. Alifariki tarehe 16 Mei, 1953, akiwa na miaka 43; miaka miwili kabla alikuwa amehamia Samois-sur-Seine, alikopenda kuvua samaki mtoni.