Mlango Ulioachwa Wazi Kidogo: Maisha ya William Seymour

Masomo: Matendo ya Mitume 2:1-18; Waefeso 2:13-18; 1 Wakorintho 13



Sisi tunajua kukesha, tunajua kufunga, tunajua kunena kwa lugha. Lakini ukiuliza huu moto ulitufikiaje, wengi wetu tunataja chumba cha juu kule Yerusalemu, halafu tunaruka moja kwa moja mpaka hapa kwetu chini ya mabati. Katikati kuna watu Mungu aliowatumia. Mmoja wao ni mtu mweusi, maskini, chongo wa jicho moja, mtoto wa watu waliokuwa watumwa. Jina lake William Joseph Seymour. Mpendwa, soma maisha yake polepole, maana kuna mahali yanatupa moyo na kuna mahali yanatukemea.

Seymour alizaliwa tarehe 2 Mei 1870 huko Centerville, katika jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Utumwa ulikuwa umekomeshwa miaka mitano tu kabla. Baba yake Simon na mama yake Phillis walikuwa wameonja utumwa wenyewe, na Simon alipigana vita upande wa jeshi lililoushinda. Lakini sheria kubadilika ni jambo moja, na mioyo ya watu kubadilika ni jambo lingine. William alikua katika umaskini, mahali ambapo mtu mweusi angeweza kuuawa na kundi la watu na hakuna anayeulizwa.

Akiwa kijana wa miaka ya ishirini na kitu aliondoka kwao akaelekea kaskazini. Katika mji wa Indianapolis alifanya kazi ya kuhudumu mezani kwenye hoteli. Ndiyo, mtumishi huyu alibeba sahani za watu. Alikuwa amebatizwa utotoni katika Kanisa Katoliki, na huko Indianapolis akajiunga na Wamethodisti. Baadaye alienda Cincinnati, akaungana na watu wa Utakatifu, Wakristo waliofundisha kwamba aliyeokoka anapaswa kuishi maisha yaliyotakaswa kweli kweli. Huko akapatwa na ndui. Ugonjwa ule uliua wengi siku hizo. Yeye alipona, lakini jicho la kushoto likapotea, na uso ukabaki na makovu. Alipoinuka kitandani alikuwa ameamua kuhubiri.

Sasa tufike Houston, Texas. Huko Seymour alikutana na Lucy Farrow, mama mchungaji mweusi aliyezaliwa utumwani. Kupitia kwake akasikia habari za mhubiri mzungu aitwaye Charles Parham, aliyefundisha kwamba ubatizo wa Roho Mtakatifu bado upo, na kwamba ishara yake ni kunena kwa lugha, kama siku ya Pentekoste. Parham alikuwa amefungua shule ndogo ya Biblia mjini humo, na Seymour akaomba kujiunga mwanzoni mwa 1906.

Lakini Texas ilikuwa na sheria na desturi za kuwatenga weusi na wazungu, tena Parham mwenyewe aliamini katika kuwatenga. Wanafunzi wazungu walikaa darasani. Seymour aliwekwa nje kwenye korido, na mlango ukaachwa wazi kidogo ili asikie.

Hebu tusimame hapo. Sisi mtu akinyimwa tu kiti cha mbele kwenye harusi, anahama kanisa. Seymour alikaa pale koridoni akasikiliza. Alitaka Mungu kuliko alivyotaka heshima. Hata hivyo, tusiupake ubaya sukari. Unyenyekevu wa Seymour haumfanyi Parham kuwa na haki. Mtu anaweza kufundisha habari za Roho Mtakatifu kwa ufasaha, huku amemweka ndugu yake nje ya mlango. Kosa lile lilikuwa kosa, na litarudi tena mbele katika habari hii.

Baada ya wiki chache mwaliko ukaja kutoka Los Angeles, California. Kanisa dogo la Utakatifu la watu weusi, lililoongozwa na mama aitwaye Julia Hutchins, lilihitaji msaidizi. Seymour alifika Februari 1906 na kuanza kuhubiri kutoka Matendo 2. Na angalia jambo hili: alihubiri kunena kwa lugha wakati yeye mwenyewe hajawahi kunena. Alisimama juu ya Neno tu, bila ushuhuda wa kuongezea. Mama Hutchins aliona hayo ni mafundisho mageni. Seymour aliporudi kwa ibada nyingine, akakuta mlango wa kanisa umefungwa kwa kufuli.

Hana pesa, hana kanisa, yuko mji wa mbali. Familia ya Edward Lee ikamkaribisha nyumbani, na kikundi kidogo kikaanza kuomba pamoja naye. Walipozidi kuwa wengi, wakahamia nyumba ya familia ya Asberry, namba 214 mtaa wa Bonnie Brae. Wengi wao walikuwa watu weusi wa kazi za mkono, wengine wakifua nguo na kusafisha nyumba za watu. Walifunga, wakaomba. Tarehe 9 Aprili 1906 Edward Lee akanena kwa lugha, na jioni hiyo hiyo wengine pia, akiwemo dada Jennie Evans Moore. Seymour mwenyewe alipokea siku tatu baadaye. Kumbe mchungaji alitanguliwa na washirika wake, na hakuona wivu.

Watu wakajaa mpaka barabarani. Ikabidi watafute mahali. Wakapata jengo kuukuu namba 312 mtaa wa Azusa. Zamani lilikuwa kanisa la Wamethodisti weusi, kisha likageuzwa zizi na stoo. Wakalifagia, wakaweka mbao juu ya mapipa ya misumari ziwe mabenchi. Mimbari ilikuwa makreti mawili ya mbao ya kusafirishia viatu, moja juu ya lingine. Seymour alikuwa akiinamisha kichwa ndani ya kreti na kuomba, wakati ibada inaendelea. Kikapu cha sadaka hakikupitishwa. Kulikuwa na kisanduku, na mwenye kuguswa aliweka. Tarehe 18 Aprili gazeti la mji likaandika habari zao kwa dharau. Siku hiyo hiyo tetemeko kubwa likaubomoa mji wa San Francisco, na watu wengi California wakaanza kumtafuta Mungu kwa hofu.

Ibada zilifanyika kila siku, asubuhi, mchana na usiku, kwa muda wa karibu miaka mitatu. Wagonjwa waliombewa, walevi waliokoka. Lakini jambo lililowashangaza watu wa wakati ule kuliko lugha zenyewe lilikuwa hili: weusi, wazungu, Wamexico na watu wa asili ya Asia walipiga magoti pamoja kwenye madhabahu moja, wakawekeana mikono na kukumbatiana. Katika kamati ya uongozi walikuwemo weusi na wazungu, wanaume na wanawake. Mtoto wa watumwa alikuwa mchungaji wa wazungu. Katika Marekani ya 1906, hilo peke yake lilikuwa muujiza.

Mfano mmoja. Mhubiri mzungu kutoka North Carolina, G. B. Cashwell, alipanda treni akavuka nchi nzima kuja Azusa. Alipofika, kijana mweusi akamwekea mikono kumwombea, na Cashwell akakosa raha. Akarudi chumbani kwake, akashindana na Mungu juu ya ubaguzi uliokuwa moyoni mwake. Aliporudi, yeye mwenyewe aliomba Seymour na ndugu weusi wamwekee mikono. Akapokea. Akaenda kwao, na moto ukasambaa kusini mwa Marekani. Mpendwa, baraka ya Cashwell ilikuwa mikononi mwa mtu aliyefundishwa kumdharau. Inawezekana hata yako iko hapo.

Oktoba 1906 Parham, yule mwalimu wa Houston, akaja Azusa. Seymour alimsubiri kwa heshima kama baba yake katika imani. Lakini Parham alipoona weusi na wazungu wamechanganyika namna ile, alichukizwa. Akawakemea hadharani na kuwanenea maneno ya dharau. Wazee wa Azusa hawakumpokea, naye akaenda kuanzisha mikutano yake mahali pengine mjini humo. Mwanafunzi wa koridoni na mwalimu wa darasani hawakupatana tena.

Hapo ndipo mafundisho ya Seymour yalipozama zaidi. Hakuacha kufundisha kunena kwa lugha. Lakini alizidi kusisitiza kwamba lugha bila upendo haithibitishi chochote, na kwamba aliyejazwa Roho atajulikana kwa matunda. Alikuwa amemwona mtu ananena kwa lugha huku anamchukia ndugu yake. Hakuhitaji mtu mwingine amfafanulie 1 Wakorintho 13.

Kuanzia Septemba 1906 Azusa walichapisha gazeti lao, The Apostolic Faith, wakaligawa bure. Lilifikia nakala 50,000. Watu walitoka pale wakaenda mbali. Lucy Farrow alienda Liberia. Familia ya Garr ilienda India. John G. Lake na mwenzake walifika Afrika Kusini mwaka 1908. Charles Mason alirudi kwa watu wake, na Church of God in Christ ikawa kanisa kubwa la Kipentekoste la Wamarekani weusi. Kufikia miaka ya 1920 wamisionari wa Kipentekoste walikuwa wamefika hata Nyang'ori, magharibi mwa Kenya yetu. Hawakutumwa na Azusa, lakini walikuwa watu wa uamsho huo huo.

Natamani habari iishie hapo. Lakini kweli ni kweli.

Tarehe 13 Mei 1908 Seymour alimwoa Jennie Evans Moore. Karibu na wakati huo wahudumu wawili wazungu, Clara Lum na Florence Crawford, waliendeleza lile gazeti kutoka Portland, kaskazini, na orodha za wasomaji wa nje ya Los Angeles zikaenda nalo. Seymour akabaki bila njia ya kuwafikia maelfu waliomsikiliza. Mwaka 1911 akiwa safarini, mhubiri William Durham alikuja akajaza Azusa tena, lakini kwa mafundisho yaliyopinga yale ya Seymour kuhusu utakaso. Seymour aliporudi, alifunga mlango kwa kufuli Durham asiingie. Wengi wakamfuata Durham. Mtu aliyewahi kufungiwa nje, sasa na yeye ameshika kufuli. Kulinda kundi ni kazi ya mchungaji, lakini kundi lilipasuka hata hivyo.

Mwaka 1914 yakaundwa Assemblies of God, sehemu kubwa ikiwa wahudumu wazungu. Wapentekoste wakarudi kugawanyika kwa rangi, kama dunia iliyowazunguka. Mwaka 1915 Seymour aliandika kanuni za kanisa lake, akaweka kwamba uongozi wa juu ushikwe na watu weusi, ili kuzuia vurugu zaidi. Wazungu hawakufukuzwa. Lakini unaweza kuona uchungu wa mtu aliyeona ukuta umeanguka, kisha akaona ndugu wanaokota mawe kuujenga upya.

Alifariki tarehe 28 Septemba 1922 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 52. Kanisa lilikuwa limebaki na watu wachache. Mama Jennie aliendelea kulichunga. Mwaka 1931 jengo likabomolewa. Kwa macho ya wanadamu alikufa kama mtu aliyeshindwa. Leo Wapentekoste na Wakarismatiki ni mamia ya milioni duniani, na wengi wao hawajui jina lake.

Wapendwa, tunajifunza nini? Mungu hakusubiri jengo zuri wala mtu mwenye majina. Hilo tunalipenda kulihubiri. Lakini liko la pili. Azusa haikuzimwa na serikali wala wachawi. Iliumizwa na watu waliojazwa Roho, waliokuwa wakinena kwa lugha, ambao hawakutaka kuketi benchi moja na wenzao. Na sisi je? Tunaomba uamsho kila Ijumaa, halafu ikifika uchaguzi, hata ushirika wa nyumbani unagawanyika kwa kabila. Kwenye uteuzi wa wazee tunanong'ona huyu ni wa kwetu, yule si wa kwetu. Dada wa kazi anakuja na familia ya mwajiri wake, anakaa nyuma akishika mtoto. Kijana wa mjengo anaogopa kukaa mbele kwa sababu ya viatu. Hatujaandika sheria kama ya Texas. Hata hivyo korido zetu tunazo, na kuna watu wanasikiliza kutoka huko.

Jumapili hii mtafute mtu mmoja wa namna hiyo. Usimpe tu mkono wa salamu. Mwombe akuwekee mikono akuombee.

Maombi ya wiki:
1. Tutubu dharau na ukabila katika kanisa letu, kila mtu akianza na moyo wake.
2. Tuwaombee watumishi waliosahaulika, wazee wanaoishi bila msaada baada ya kutumika miaka mingi.
3. Tumwombe Roho Mtakatifu atujaze upya, na upendo uwe ishara yetu ya kwanza.

Mungu akubariki.