Bibi Daktari Ida Scudder wa Vellore

Huenda wasomaji wetu wakauliza kwa nini, katika kitabu cha yubile yetu, tumempa nafasi mwanamke ambaye kazi yake yote ilikuwa Bara Hindi. Hatuna jibu refu. Ni mitaa michache sana katika dayosisi yetu isiyo na kaburi la mama aliyekufa katika kujifungua, na walimu wetu wanazijua nyumba zenyewe. Basi habari za huyu bibi zatuhusu.

Ida Sophia Scudder alizaliwa tarehe 9 Desemba 1870 huko Ranipet, kusini ya Bara Hindi. Babu yake alikuwa mganga wa misioni kutoka Marekani, na baba yake vile vile, hata mtu angedhani kwamba binti naye angeifuata njia hiyo bila kuambiwa. Sivyo. Alipokuwa mtoto aliiona njaa kuu ya miaka ya 1876 hata 1878, akaona watoto wenzake wamelala kando ya njia hawawezi kuinuka. Akaichukia nchi ile. Alipopelekwa Marekani kusoma katika skuli ya Northfield aliazimu kukaa huko huko, aolewe, asirudi tena. Mwaka wa 1890 mama yake akaugua, ikambidi aende kumwuguza katika mji mdogo wa Tindivanam. Lakini nia yake ilikuwa kukaa kitambo tu.

Usiku mmoja, alipokuwa ameketi akiandika barua, alikuja mtu wa ukoo wa Wabrahmini akamwomba aje upesi, kwa kuwa mkewe, naye bado msichana, alikuwa katika utungu wa kuzaa na wakunga wameshindwa. Ida akamweleza kwamba yeye hajui uganga, bali baba yake ndiye mganga, naye yu tayari kwenda. Yule mtu akakataa, maana kwa desturi yao haikuwezekana mwanamume mgeni amtazame mkewe, akarudi kwake. Baadaye akaja Mwislamu, na shida yake ilikuwa ile ile, na jibu lake lile lile. Kisha akaja wa tatu, Mhindu mwingine mwenye heshima, naye akaenda zake vivyo hivyo. Ida hakulala. Kulipokucha alisikia ngoma za maziko, akatuma mtumishi kuuliza, akaambiwa kwamba wanawake wote watatu wamekufa.

Wengi waliosimulia habari hii wamewalaumu wale waume watatu. Sisi hatuoni hivyo. Watu wale walitoka majumbani mwao usiku, wakaja kupiga hodi kwa wageni wa dini nyingine. Asiyempenda mkewe hafanyi hivyo. Lakini desturi ya utawa ilikuwa imewafunga wao pamoja na wake zao, na hapakuwa na mganga wa kike wa kuufungua mlango ule. Tena wasichana waliolewa wadogo mno. Sheria ya serikali ya mwaka 1891 iliweka miaka 12 tu kuwa umri ambao mume asimwingilie mkewe kabla yake, na hata sheria ya ndoa ya mwaka 1929 iliweka miaka 14. Mifupa ya nyonga ya msichana wa umri huo haijakomaa, na mtoto huweza kukwama njiani. Mkunga wa kienyeji, hata awe hodari namna gani, hana la kufanya hapo, ila apatikane mtu aliyejifunza kupasua.

Asubuhi ile Ida aliwaambia wazazi wake kwamba atarudi Marekani kujifunza uganga. Alianza Philadelphia mwaka 1895, katika chuo cha wanawake. Kisha chuo cha Cornell cha New York kilipokubali wanawake akahamia huko, akahitimu mwaka 1899. Kabla hajasafiri, mzee mmoja wa New York, Bwana Schell, alimpa dola 10,000 za kujenga hospitali ya wanawake iwe ukumbusho wa mkewe aliyekufa.

Alifika Vellore mwaka 1900, na mwaka huo huo baba yake akafa. Ida alianza na chumba kimoja chenye kitanda kimoja, na watu wakamwogopa. Lakini katika miaka miwili wagonjwa 5,000 walipita mikononi mwake, na mwaka 1902 hospitali ya vitanda 40 ikafunguliwa. Mwaka 1909 akaanza skuli ya wauguzi, na kwa gari lake akawa akienda vijijini, akisimama chini ya miti kuwatibu waliomngojea njiani.

Hata hivyo aliona kwamba mganga mmoja si kitu katika nchi kubwa namna ile. Akataka kuwafundisha wasichana wa Bara Hindi wenyewe. Mkuu wa waganga wa serikali alitia shaka kama hata watatu watapatikana. Mwaka 1918 wakaomba 151. Kundi la kwanza lilipofanya mtihani wa serikali, wote 14 walishinda, hali wengi wa wanaume waliofanya mtihani ule walianguka. Sehemu hii yatupendeza kuliko zote, na twawaomba walimu waisome polepole mbele ya wasichana.

Haikuwa raha tupu baada ya hapo. Mwaka 1938 serikali iliamuru kwamba kila mganga awe na digrii ya chuo kikuu, na chuo cha Vellore kilikuwa karibu kufungwa. Bibi Daktari, naye amekwisha kuwa mzee, akaenda Marekani kuomba fedha wakati wa vita. Ndipo likazuka neno zito: ili chuo kiokoke, wapokewe na wanaume. Rafiki yake wa zamani, Bibi Lucy Peabody, aliyemsaidia tangu mwanzo, alikataa kabisa, akisema kwamba fedha zile zilitolewa na wanawake kwa ajili ya wanawake. Hatuwezi kumwona mjinga. Hoja yake ilikuwa na haki. Ida aliwaza sana, mwisho akakubali, na urafiki ule ukaingia jeraha. Katika miaka ya 1940 wanaume wakaanza kusoma humo pamoja na wanawake, na chuo kikadumu.

Mwaka 1946 aliacha kazi ya ukuu, na aliyeshika mahali pake alikuwa mwanamke wa Bara Hindi, Daktari Hilda Lazarus. Bibi Daktari alikufa tarehe 24 Mei 1960 nyumbani kwake Kodaikanal milimani, akiwa na umri wa miaka 89.