Mwalimu na Amani ya Jirani

Kwa wananchi wa Ngara na Biharamulo, vita vya jirani havijapata kuwa habari ya redioni tu. Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa, wakimbizi walianza kumiminika kuvuka mpaka. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda upatao siku moja, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Benaco ikageuka mji wa maturubai, na vilima vya Ngara vikabaki vitupu kwa kukatwa kuni. Ndiyo maana tunaona yafaa leo tumkumbuke Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kwa ile kazi yake ya mwisho, ya kutafuta suluhu ya Burundi.

Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaiongoza Tanganyika kupata uhuru mwaka 1961, akang'atuka katika urais mwaka 1985. Vita alivijua. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwaka 1978, aliamuru yapigwe mpaka yakaondoka. Wala hakuogopa kuchagua upande: mwaka 1973 Serikali yake ilivunja uhusiano na Israel, na Wapalestina wakapewa nafasi ya kuwa na ofisi Dar es Salaam. Kwa hiyo alipokubali kuwa msuluhishi wa Burundi, wako waliouliza kama mtu mwenye msimamo mkali namna hiyo angeweza kukaa katikati.

Mwaka 1996 alivikutanisha Mwanza vyama vya UPRONA na FRODEBU. Kabla mazungumzo hayajazaa matunda, Julai 25, Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka kwa nguvu. Siku chache baadaye nchi za eneo hili zilikutana Arusha zikaiwekea Burundi vikwazo. Wakuu wa Bujumbura wakamlaumu Mwalimu kwamba anapendelea. Hatuna budi kukiri kuwa vikwazo hivyo viliwaumiza pia wananchi wa kawaida, na kwamba mpaka uliofungwa unawatenganisha ndugu, maana Kihangaza cha Ngara na Kirundi ni lugha za ukoo mmoja. Vikwazo vilisimamishwa Januari 1999.

Hata hivyo Mwalimu hakukata tamaa. Juni 1998 aliwaketisha Warundi wa vyama vingi mjini Arusha, akawagawia kazi katika kamati: moja ichunguze chimbuko la mgogoro, nyingine demokrasia, nyingine usalama, nyingine uchumi. Wajumbe wa Umoja wa Mataifa, wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa Ulaya na wa Marekani walikuwapo kusaidia kwa fedha na ushauri. Lakini wenye kusema walikuwa Warundi wenyewe.

Kazi hiyo ilikuwa na dosari. Baadhi ya makundi yenye silaha hayakuwapo mezani, na aliyeachwa nje na bunduki mkononi huendelea kuitumia. Mwalimu alifariki London Oktoba 14, 1999, kabla ya kuona mavuno. Nelson Mandela aliipokea kazi yake, na Agosti 28, 2000, mkataba ukatiwa saini Arusha. Bunduki hazikunyamaza siku hiyo. CNDD-FDD ilikubali amani mwaka 2003, na FNL ikatia saini Dar es Salaam mwaka 2006. Maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wakarejea kwao. Mwaka 2015 machafuko yakazuka tena, na wengine wakavuka mpaka upya.

Je, kazi ile ilikuwa bure? Sisi tunasema hapana. Mkataba ni kama shamba: asiyelipalilia atavuna magugu, lakini kosa hilo si la aliyelilima. Na wale wanaotafuta leo suluhu ya Waisraeli na Wapalestina wangefaa kuitazama Arusha. Mataifa ya nje yaweza kutoa nyumba, fedha na subira. Hayawezi kupatana kwa niaba ya wenye ugomvi, wala amani haitadumu ikiwa mwenye silaha au mwenye kudhulumiwa ameachwa mlangoni.

Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Ngara na Biharamulo zimekuwa nyasi hizo. Zina haki ya kudai kwamba kila anayeitwa mpatanishi awe na subira ya Mwalimu.