Vannevar Bush na Njia za Fikira

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Je, madaftari yenyewe yakizidi hata yakamfunika mwenye mali? Swali hilo ndilo lililomshughulisha Vannevar Bush, mhandisi wa Marekani ambaye aghalabu hukumbukwa kwa mambo ya vita.

Bush, mwana wa mhubiri, alizaliwa mwaka wa 1890 mjini Everett, jimbo la Massachusetts. Kufikia mwaka wa 1916 alikuwa amehitimu shahada ya uzamifu katika uhandisi. Akiwa mhadhiri katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, yeye na wanafunzi wake waliunda mtambo mkubwa wa magurudumu na fito uliotatua milinganyo migumu ya hisabati. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, alikabidhiwa uratibu wa utafiti wa kisayansi wa vita, akawaongoza wanasayansi wapatao 6,000. Miongoni mwa kazi alizozisimamia ni hatua za mwanzo za kuunda bomu la atomiki. Doa hilo halifutiki.

Hata hivyo, mnamo Julai 1945, mwezi mmoja kabla ya Hiroshima na Nagasaki kuteketezwa, alichapisha makala yenye fikira tofauti kabisa. Alieleza kwamba maktaba hupanga maarifa kwa alfabeti na mafungu, ilhali akili ya binadamu huruka kutoka wazo moja hadi jingine kwa uhusiano wake. Akapendekeza dawati lenye filamu ndogo mno, vioo vya kusomea na vibonyezo. Mwenye dawati angeunganisha waraka na waraka, akaacha njia ambayo mwenzake angeweza kuifuata. Dawati hilo, aliloliita Memex, halikuundwa kamwe. Lakini Douglas Engelbart, kijana wa jeshi la wanamaji aliyekuwa Ufilipino, aliisoma makala hiyo, na baadaye akawa miongoni mwa waasisi wa kompyuta tunazozitumia. Bush alifariki mwaka wa 1974.

Kwa nini nimkumbuke leo? Kwa sababu mitandao ya neva, ambayo asili yake ni kazi ya McCulloch na Pitts ya mwaka wa 1943, sasa huunganisha mawazo yenyewe. Hupitia maandishi mengi mno na kuuhifadhi uhusiano wa maneno katika tarakimu. Kasi yake ni ya ajabu, ila haituonyeshi njia iliyopitia, na mara nyingine huoanisha mambo yasiyo na udugu. Ramani za dhana, kwa upande wake, huchorwa na mtu: kila mstari huunganisha dhana mbili na hutaja uhusiano wake. Ni kazi ya polepole, lakini kosa huonekana.

Kwa maoni yangu, kuchagua kimoja na kukitupa kingine ni kujipunja. Mtambo na upendekeze viungo. Ramani iviweke peupe. Binadamu avipime, avikubali au avikatae. Anayekabidhi mtambo kazi ya kukumbuka bado anaweza kubaki mwenye akili. Anayeukabidhi kazi ya kuhukumu ameuza shamba pamoja na jembe. Bush, aliyejua jinsi maarifa yanavyoweza kuangamiza miji, alitaka njia ya fikira ibaki mikononi mwa mwenye kuipita. Hilo halijachakaa.