Mchungaji Berkeley, aliyeipa jina kutu ya kahawa

MKULIMA wa kahawa wa Kilimanjaro, Mbinga au Kiambu anapogeuza jani na kukuta unga wa rangi ya chungwa upande wa chini, hahitaji kuambiwa kuwa shamba limeingiwa na kutu. Jina la kitaalamu la kimelea kinacholeta ugonjwa huo, ambalo hutumika katika maabara na vituo vya utafiti duniani kote, ni Hemileia vastatrix. Lilitolewa mwaka 1869 na mchungaji wa kijijini huko Uingereza, nchi ambayo baridi yake hairuhusu mbuni kuota shambani.

Mchungaji huyo ni Miles Joseph Berkeley. Alizaliwa Aprili 1, 1803 karibu na mji mdogo wa Oundle, katika jimbo la Northamptonshire. Alisoma Rugby, kisha Chuo Kikuu cha Cambridge alikohitimu mwaka 1825, akaingia katika huduma ya Kanisa la Anglikana. Mwaka 1829 alikuwa mchungaji msaidizi Margate, mji wa pwani, na mwaka 1833 akapewa parokia mbili ndogo za vijijini, Apethorpe na Wood Newton. Huko alikaa zaidi ya miaka 30.

Mapato ya parokia hayakutosha. Berkeley alikuwa na familia kubwa, hivyo aliwapokea vijana nyumbani kwake na kuwafundisha kwa malipo. Kazi iliyompa jina aliifanya katika muda uliobaki kati ya ibada na masomo hayo, akiwa na hadubini mezani na vifurushi vya uyoga mkavu, majani yenye madoa na vipande vya miti iliyooza, ambavyo watu walimtumia kutoka pande zote za dunia.

Wakati ule elimu ya kuvu ilikuwa bado changa. Mtaalamu wa Sweden, Linnaeus, alikuwa ameweka utaratibu wa kukipa kila kiumbe majina mawili, la jenasi na la spishi, lakini kuvu aliwagusa kidogo tu. Kazi kubwa ilifanywa baadaye na Christiaan Hendrik Persoon, aliyezaliwa Rasi ya Tumaini Jema hapa Afrika, na Elias Fries wa Sweden. Berkeley alifuata nyayo zao. Mwaka 1836 aliandika sehemu ya kuvu katika kitabu kikubwa cha mimea ya Uingereza. Charles Darwin aliporudi na mizigo yake kutoka safari ya meli ya Beagle, kuvu wake walipelekwa kwa Berkeley. Mmoja wao, uyoga wa kusini kabisa mwa Amerika ambao wenyeji waliula kama chakula, aliuita Cyttaria darwinii.

Kama angeishia hapo, huenda wakulima wasingekuwa na sababu ya kumkumbuka. Kilichombadilisha ni viazi.

Katika kiangazi cha mwaka 1845 mashamba ya viazi ya Ubelgiji yalianza kunyauka na kutoa harufu mbaya. Agosti ugonjwa ulikuwa umefika Uingereza, na Septemba ukaonekana Ireland, ambako mamilioni ya watu maskini waliishi kwa viazi karibu peke yake. Njaa iliyofuata iliua watu wapatao milioni moja, na wengine zaidi ya milioni moja wakaihama nchi.

Wataalamu waligawanyika kuhusu chanzo. John Lindley, profesa wa botania na mhariri wa gazeti la bustani la Gardeners' Chronicle, alishikilia kuwa mvua na baridi za mwaka ule ziliifanya mimea ifyonze maji kupita kiasi hadi ikaoza. Kwa maoni hayo, ukungu mweupe uliokuwa chini ya majani ulifuata uozo tu, kama funza wanavyofuata nyama iliyoharibika. Hayo ndiyo yalikuwa mawazo ya wasomi wengi wa wakati huo.

Berkeley alisema kinyume. Aliyachunguza majani na kuona kuwa ukungu ulikuwapo mahali ambapo uozo haujaanza. Huko Ufaransa, Camille Montagne, daktari mstaafu wa jeshi, alikuwa amekiona kimelea hichohicho na kukiita Botrytis infestans, akampa Berkeley michoro na maelezo yake avitumie. Januari 1846 Berkeley alichapisha makala ndefu katika jarida la chama cha bustani cha London, akieleza kwamba ukungu ndio chanzo cha ugonjwa na kwamba hali ya hewa ya unyevunyevu huusaidia kuenea.

Hakusikilizwa na wengi. Ni haki kusema kuwa hoja yake ilikuwa na upungufu, kwani hakuonyesha kwa jaribio jinsi ukungu unavyoingia katika jani zima lenye afya. Jaribio hilo lilifanywa na Mjerumani Anton de Bary, ambaye mwaka 1861 alionyesha mbegu za ukungu zikiota juu ya jani na kupenya ndani. Hiyo ni miaka 15 baada ya makala ya Berkeley. Kwa mkulima tofauti ya maoni hayo mawili si ndogo. Anayeamini kuwa mvua ndiyo inayooza viazi hana la kufanya ila kungoja jua, wakati anayejua kuwa kuna kimelea ataondoa mabaki shambani, atachagua mbegu safi na kutafuta dawa. Dawa yenyewe, mchanganyiko wa mrututu na chokaa, ilikuja kutangazwa Ufaransa mwaka 1885 kwa ajili ya mizabibu, na ndipo viazi navyo vikapata kinga.

De Bary ndiye pia aliyekibadilishia kimelea hicho jina mwaka 1876, kikawa Phytophthora infestans, jina linalotumika mpaka leo. Wakulima wa Njombe na Nyandarua wanaujua ugonjwa wake kama ukungu wa viazi au baka chelewa. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba kimelea hiki si kuvu halisi. Kiko katika kundi jingine, karibu na mwani wa rangi ya kahawia wa baharini. Wapo watakaosema hayo ni ya maprofesa. Lakini kiambata cha metalaxyl, ambacho kipo katika dawa nyingi za viazi na nyanya, huua viumbe wa kundi hilo na hakifanyi kazi kwa kuvu halisi kama yule wa baka tangulia. Ndiyo maana mara nyingi huchanganywa na mankozebu, inayozuia yote mawili. Mwenye duka la pembejeo anayejua tofauti hiyo hawezi kumuuzia mteja dawa isiyo yake.

Wakati vita vya maneno kuhusu viazi vikiendelea, mtunza bustani mmoja wa Margate, Edward Tucker, aliona unga mweupe kwenye mizabibu aliyokuwa akiitunza. Mwaka 1847 Berkeley aliuelezea na kuuita Oidium tuckeri, kwa heshima ya mtunza bustani huyo. Miaka michache baadaye unga huo uliharibu mizabibu ya Ufaransa vibaya sana. Tucker mwenyewe alikuwa amejaribu salfa na chokaa, na salfa ikawa ndiyo dawa. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaopuliza salfa dhidi ya ubwiri unga wanatumia dawa ileile, kwa sababu vimelea hivyo viwili ni ndugu.

Jina hilo la Berkeley halikudumu. Ilikuja kugundulika kuwa kuvu huyo alikuwa ameshaelezwa Marekani katika hatua nyingine ya maisha yake na kupewa jina tofauti, na leo anaitwa Erysiphe necator. Kuvu wengi wana sura mbili, moja ya kuzaana kwa kujamiiana na nyingine bila kujamiiana, na kwa miaka mingi kila sura ilikuwa na jina lake. Usumbufu huo ulikomeshwa na mkutano wa kimataifa wa botania uliofanyika Melbourne, Australia, mwaka 2011, ulioamua kuwa kuvu mmoja awe na jina moja.

Tangu mwaka 1854 hadi 1857 Berkeley aliandika mfululizo wa makala kuhusu magonjwa ya mimea katika Gardeners' Chronicle, gazeti lilelile la Lindley. Makala hizo zilisomwa na watunza bustani na wakulima wa kawaida, na kwa maoni ya wengi ndizo zilizoanzisha somo la magonjwa ya mimea nchini Uingereza.

Mwaka 1868 alihamia parokia ya Sibbertoft. Mwaka uliofuata yalimfikia majani ya kahawa kutoka Ceylon, nchi inayoitwa sasa Sri Lanka, yakiwa yametumwa na G. H. K. Thwaites, mkuu wa bustani ya mimea ya Peradeniya. Akishirikiana na rafiki yake Christopher Edmund Broome, Berkeley alikuta kuvu asiyefanana na jenasi yoyote iliyojulikana. Mbegu zake zilikuwa na upande mmoja laini na mwingine wenye vinundu, ndipo likaja jina Hemileia, maana yake nusu laini. Vastatrix ni mharibifu.

Jina la pili lilitimia haraka kuliko ilivyotarajiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 Ceylon ilikuwa ikiuza nje zaidi ya kilo milioni 40 za kahawa kwa mwaka. Kufikia mwaka 1889 zilikuwa chini ya milioni 3, na wenye mashamba walikuwa wameng'oa mibuni na kupanda chai. Kuvu huyo hakuwa mgeni kwa Afrika, kwani mwaka 1861 msafiri mmoja Mwingereza alikuwa ameuona ugonjwa huo kwenye kahawa ya mwituni karibu na Ziwa Victoria. Brazil iliupata mwaka 1970. Nchini Kenya, Ruiru 11, aina inayostahimili kutu na chulebuni, ilitolewa kwa wakulima mwaka 1985.

Berkeley aliendelea kutoa majina hadi uzeeni. Uyoga wa Japani unaoitwa shiitake, ambao leo hulimwa kibiashara katika nchi nyingi, ulipata jina lake la spishi, edodes, kutoka kwake mwishoni mwa miaka ya 1870. Kwa jumla alieleza aina mpya zipatazo 6,000, na kifupi cha jina lake, Berk., bado huandikwa baada ya majina hayo. Mwaka 1879 alikabidhi mkusanyiko wake wa vielelezo zaidi ya 9,000 kwa bustani ya Kew, London, na mwaka huohuo akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Alifariki Sibbertoft Julai 30, 1889, akiwa na miaka 86.

Mwaka 2013 watafiti walichukua vipande vya majani ya viazi yaliyokaushwa tangu karne ya 19 na kuhifadhiwa Kew na Munich, wakasoma vinasaba vya kimelea kilichobaki ndani yake. Waligundua kuwa njaa ya Ireland ililetwa na ukoo mmoja wa Phytophthora infestans ambao haukuwa ukijulikana kabla ya hapo, na wakauita HERB-1.