Leonhard Euler, kipofu aliyetuachia hesabu ya sinusi

LIKASI – Mwanafunzi wa Kamatanda anayejiandaa kwa Exetat amekariri kwamba derivati ya sinusi ni kosinusi, na derivati ya kosinusi ni sinusi yenye alama ya kutoa. Wengine walikuwa wameona jambo hilo mapema, lakini aliyelipanga namna tunavyolisoma leo ni Leonhard Euler.

Alizaliwa Basel, Uswisi, tarehe 15 Aprili 1707. Baba yake, mchungaji, alitaka mtoto amfuate katika kazi ya Mungu. Johann Bernoulli, mwalimu mkubwa wa hesabu, aliona kipaji cha kijana na kumshawishi mzee amwache. Mwaka 1727 Euler alikwenda Saint Petersburg, Urusi, na mwaka 1741 akahamia Berlin.

Wakati huo sinusi ilikuwa urefu wa mstari ndani ya duara. Katika kitabu chake cha 1748, Euler alichukua duara lenye nusu kipenyo 1 na kuifanya sinusi kuwa fonksio: unaipa pembe, inakupa namba. Kitabu cha 1755 kikaonyesha derivati zake.

Maana yake inaonekana kwenye wimbi. Likifika kileleni, halipandi wala halishuki: kasi yake ni sifuri, na kosinusi hapo ni sifuri. Likipita kwenye sifuri kwenda juu, kasi ni 1, na kosinusi ni 1. Lakini kanuni hii inasimama tu pembe ikipimwa kwa radiani. Ukitumia digrii, lazima uzidishe kwa π/180, la sivyo jibu linaharibika.

Hesabu hiyo iko majumbani mwetu. Umeme wa bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, hupanda na kushuka kwa wimbi la sinusi mara 50 kila sekunde.

Jicho la kuume la Euler lilikuwa limeharibika akiwa bado kijana. Alirudi Saint Petersburg mwaka 1766, na la kushoto nalo likazimika. Mwaka 1771 nyumba yake iliungua. Hata hivyo hakuacha: alihesabu kichwani, wanawe na wasaidizi wakaandika. Karibu nusu ya kazi zake zilitoka katika miaka hiyo ya giza.

Alifariki tarehe 18 Septemba 1783, akiwa na miaka 76. Siku hiyo pia alikuwa amefanya hesabu.