Mtakatifu Monika na Kikombe cha Divai

Je, unajiona hustahili mbele za Mungu kwa ajili ya makosa yale yale ya kila siku? Mtazame Mtakatifu Monika.

Alizaliwa mnamo mwaka 332 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Alipokuwa msichana, wazazi walimtuma kuteka divai pipani. Alianza kwa kuonja kidogo tu, lakini siku kwa siku akafikia kunywa karibu kikombe kizima. Siku moja aligombana na kijakazi wao, naye akamwita mlevi. Lilikuwa tusi, lakini lilikuwa kweli. Monika akaona aibu, akaacha.

Baadaye aliolewa na Patricius, mtu mwenye hasira kali ambaye hakuwa Mkristo. Monika hakubishana naye akiwa amekasirika. Alingoja atulie, ndipo aseme naye. Patricius alibatizwa kabla ya kufa. Mwana wao Augustino alibatizwa Milano mwaka 387, na mwaka huo huo Monika akafariki Ostia.

Basi, mwenzako akikutajia kosa lako kwa ukali, usikimbilie kujitetea. Jiulize kwanza kama ni kweli, umwombe radhi, kisha uende ukaungame. Monika alianza kwa kuukubali ukweli.